Mtoro Mlangoni: Maisha ya William Jones wa Rabai

Andiko la kusoma nyumbani: Kumbukumbu la Torati 23:15-16; Filemoni 1:8-21; 1 Samweli 4:19-22

Katika ukurasa huu huwa tunasoma maisha ya watumishi waliotutangulia. Wiki hii nawaletea William Henry Jones wa Rabai. Pwani jina lake ni kubwa, na kila anayesoma historia ya kanisa Kenya hukutana naye. Huku kwetu Kitengela na Kajiado wengi wamesikia habari za Askofu James Hannington, aliyeuawa akienda Uganda. Lakini yule shemasi Mwafrika aliyesafiri naye, akarudi na msafara uliobaki, huyo tunampita haraka.

Ninamleta kwa sababu moja. Watu wanaweza kukaa pamoja miaka mingi wakitofautiana juu ya dhambi fulani, na wasipigane. Kila mmoja ana maoni yake na maisha yanaendelea. Balaa huanza siku ile anayeonewa anapokimbia, akaja kubisha mlangoni kwako. Sasa huna maoni tena, una mlango. Unafungua au hufungui. Maisha ya Jones yalipita katika swali hilo, na pwani yetu ilikaribia vita kwa sababu yake.

Mtoto aliyeuzwa

Jones alizaliwa kati ya Wayao, upande wa Ziwa Nyasa, karibu mwaka 1840. William Henry Jones si jina alilopewa na mama yake. Hilo ni jina la ugenini. Akiwa mtoto alitekwa, akauzwa, akashushwa hadi pwani na kutiwa jahazini. Siku hizo meli za kivita za Uingereza zilizunguka Bahari ya Hindi zikikamata majahazi ya watumwa, na watoto waliookolewa walipelekwa Bombay, India, kwa kuwa kurudishwa kwao haikuwezekana. Nani angejua kijiji chao kiko wapi? Wengine hata njia waliyopitia hawakuikumbuka.

Karibu na mji wa Nasik kulikuwa na makao ya Wakristo yaitwayo Sharanpur, yakiendeshwa na mmisionari William Salter Price wa Chama cha Misheni cha Kanisa la Uingereza, yaani CMS. Lishike jina hilo la Price, tutakutana nalo tena. Pale vijana wa Kiafrika walisoma, wakafundishwa kazi za mikono kama uhunzi na useremala, wakabatizwa. Ndiko Jones alikokulia, na ndiko alikomjua Bwana.

Mwaka 1864 alirudi Afrika. Yeye na mwenzake Ishmael Semler, pamoja na wake zao, walikuja kumsaidia Johannes Rebmann, aliyekuwa akitumika Rabai, kwenye vilima vya nyuma ya Mombasa, tangu 1846. Hebu fikiria: mtu aliyetolewa Afrika akiwa mali ya mtu, anarudi Afrika akiwa mjumbe wa Injili.

Mwaka ule ule, ng'ambo ya bahari, Marekani ilikuwa inachinjana. Vita vyao vilianza 1861 na kwisha 1865. Tukisoma juu juu tunadhani Kaskazini na Kusini walianza tu kuchukiana. La. Walivumiliana miaka mingi, kusini watumwa, kaskazini hakuna. Kati ya mambo yaliyovunja uvumilivu huo ni sheria ya mwaka 1850 iliyowalazimisha hata watu wa Kaskazini kusaidia kumkamata mtumwa aliyekimbia na kumrudisha kwa bwana wake. Mkulima ambaye hakuwahi kumiliki mtu sasa akaambiwa, huyo aliyejificha ghalani mwako, mtoe. Wengi waliokuwa wamenyamaza wakashindwa kunyamaza. Shikilia hilo moyoni, kwa maana kitu kama hicho kilikuja kubisha Rabai.

Pwani ya sheria mbili

Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash wa Zanzibar, akisukumwa na Uingereza, alitia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa Zanzibar na kuzuia watumwa wasisafirishwe baharini. Mwaka 1875 Price, yule yule wa Sharanpur, akaanzisha kijiji cha Freretown ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, ili watu waliookolewa majahazini wapate mahali pa kukaa. Ukipita leo Kengeleni, upande wa Nyali, jina la mahali pale linatokana na kengele ya Freretown, iliyokuwa ikipigwa kuwaita watu na kuwaonya hatari ikija.

Sasa sikia tatizo. Mkataba ulizuia kusafirisha watumwa baharini. Haukuzuia kuwamiliki. Kwa hiyo mtu aliyekamatwa ndani ya jahazi alihesabiwa huru, akapewa nyumba na shamba Freretown. Ndugu yake anayelima shamba la bwana wake kilomita chache kutoka hapo alibaki mtumwa kwa sheria. Huyu wa shambani anaona moshi wa jikoni wa mwenzake aliye huru. Jumapili anasikia kengele. Wewe ungefanya nini?

Walikimbia. Waliitwa watoro. Wengine walijificha kwa Wagiriama, wengine wakaanzisha vijiji vyao msituni, na wengi wakaja kwenye misheni. Wenye watumwa wakakasirika, na lazima tuseme kweli, kwa sheria ya nchi walikuwa na madai. Mashamba yao yalitegemea kazi hiyo na utajiri wao ulihesabiwa kwa watu. Tusidhani pia kwamba hii ilikuwa dhambi ya dini moja au kabila moja. Waliokuwa wakiteka, wakiuza, wakinunua na kufaidika walikuwa wengi, na mataifa yaliyojiita ya Kikristo yalikuwa yamevusha mamilioni ya Waafrika Bahari ya Atlantiki.

Mwaka 1880 Mombasa ilikaribia kuwaka. Wenye watumwa walitishia kuishambulia Freretown, na wamisheni wakajiandaa kwa silaha. Balozi wa Uingereza Zanzibar, John Kirk, akaingilia kati. Vita ikaepukwa, lakini wamisheni wakabanwa wasipokee watoro. Na hata ndani ya Freretown uhuru haukuwa kamili: msimamizi Mwingereza wa kijiji, Streeter, alilaumiwa kwa kuwachapa viboko watu waliokwisha kukombolewa, mpaka uchunguzi ukafanywa na akaondoka. Unaweza kutoa watu utumwani na bado ukabaki na mkono wa bwana.

Mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1880 palikuwa na kijiji cha Wakristo Wagiriama na watoro kiitwacho Fuladoyo. Kiongozi wake, David Koi, aliuawa. Hakuwa askofu wala mmisionari. Alikuwa Mwafrika aliyewakusanya watu waliokuwa wakitafutwa. Damu ilikuwa imeanza kumwagika.

Shemasi njiani

Jones sasa alikuwa Rabai, na watu walimtazama kama mchungaji wao. Mei 1885 Askofu Hannington akamwekea mikono, yeye na Semler, kuwa mashemasi. Majuma machache baadaye, mwezi wa Julai, askofu akaondoka Rabai na wapagazi kama 200 kwenda Uganda, na Jones akawa pamoja naye. Walipita Ukambani, wakaingia nchi ya Wamaasai. Njia ya misafara ya siku hizo ilipitia Ngong, ambayo leo ni Kajiado yetu. Kwa hiyo nyayo za mtumishi huyu hazikuwa mbali na hapa tunapoabudu.

Huko ambako leo ni Mumias, Hannington akaamua kwenda mbele na watu 50 tu. Jones akabaki na wengine akingoja. Tarehe 29 Oktoba 1885 askofu aliuawa Busoga kwa amri ya Kabaka Mwanga, na karibu watu wote aliokuwa nao wakauawa. Walionusurika wachache ndio walioleta habari. Jones, shemasi wa miezi mitano, akabaki na msafara mzima mikononi mwake, katikati ya bara, bila askofu na bila mtu wa kumuuliza.

Aliwarudisha. Februari 1886 waliingia Rabai wakiwa na bendera ya maombolezo, na juu yake limeandikwa neno moja, Ikabodi, jina ambalo mke wa Finehasi alimpa mwanawe siku Sanduku la Agano lilipotekwa. Ukisoma 1 Samweli 4 utaelewa uzito wake. Lakini tazama: utukufu ulioonekana kuondoka, watu waliobaki Jones aliwaleta nyumbani.

Mwaka wa 1888

Kurudi kwake hakukumpa pumziko. Watoro walizidi kuja Rabai. Agizo la misheni lilikuwa wasipokelewe, na wakubwa Mombasa na London walilijua agizo hilo. Jones na wazee wa Rabai walilijua pia. Hata hivyo watu walipokelewa. Walijenga, wakalima, wakaoa, wakazaa, wakaanza kufundishwa Neno. Nadhani tusimfanye Jones malaika. Aliwekwa mahali pagumu kati ya utii kwa wakubwa wake na watu waliokuwa wamesimama mbele yake. Lakini yeye alikuwa amelala ndani ya lile jahazi. Mzungu angeweza kulizungumzia jambo hili kama sera. Jones hangeweza.

Mwaka 1888 Price alirudi pwani akiwa mzee. Hebu ona jinsi Mungu anavyopanga mambo: mtu aliyeendesha Sharanpur Jones alipokuwa kijana ndiye aliyekuja kuulizwa na serikali, hawa watoro wako kwenu au hawako? Walipohesabiwa walikutwa mamia. Wenye watumwa walikuwa wamechoka kungoja, na maneno ya kuichoma Rabai yakaanza kuzunguka. Price alijikuta amebanwa pande zote. Akiwatoa, anawarudisha watu wa Kristo kwenye minyororo. Akikataa, kijiji kinaweza kuangamia.

Na wakati ulikuwa mbaya kuliko wakati wowote. Mwaka huo huo, kusini, Abushiri bin Salim na watu wa Pangani na Bagamoyo waliwaasi Wajerumani. Sababu zao zilikuwa nyingi: bendera ya kigeni, ushuru, dharau, biashara kuporwa, na hofu ya kunyang'anywa watumwa ikiwa ndani yake. Desemba 1888 Wajerumani na Waingereza wakaufunga mwambao kwa meli za kivita, wakisema wanazuia biashara ya watumwa na silaha. Pwani nzima ilikuwa kama nyasi za Kiangazi pale Isinya. Cheche moja tu, na Rabai ilikuwa cheche.

Oktoba mwaka huo George Mackenzie alifika Mombasa kuongoza Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki. Alihitaji amani ili afanye biashara. Akapatana na wenye watumwa: wapewe fidia, na watoro walioko kwenye misheni wawe huru. Fedha zikachangwa na kampuni, serikali ya Uingereza, misheni na marafiki wa ukombozi. Watu zaidi ya 1,400 katika Rabai na vituo vingine wakakombolewa. Tarehe 1 Januari 1889 hati za uhuru ziligawiwa Rabai.

Mwaka Mpya! Sisi tunaojua mkesha wa kuvuka mwaka, hebu tupige picha ya asubuhi ile. Mtu anaitwa jina lake. Anapewa karatasi. Kuanzia leo hakuna atakayekuja usiku kumshika.

Lakini nisiwafiche yaliyobaki. Waliolipwa ni mabwana. Aliyelima miaka ishirini bila ujira hakulipwa hata senti. Na sehemu ya mapatano ilikuwa kwamba misheni zisiendelee kupokea watoro wapya, maana yake aliyekimbia wiki moja baadaye alikuta mlango umefungwa. Abushiri alinyongwa Pangani Desemba 1889, na utumwa haukuisha kwa vita vile. Zanzibar ilingoja amri ya 1897, na huku kwetu kwenye mwambao wa Kenya hali ya utumwa haikufutwa kisheria mpaka 1907. Kwa hiyo Rabai haikumaliza utumwa. Ilichofanya ni kukataa kuwarudisha watu waliokuwa tayari ndani ya mlango, na ikasimama hapo mpaka wenye nguvu wakalazimika kutafuta njia nyingine.

Mlango wetu

Kwa nini naandika haya kwa watu wa Kitengela, ambao shida zao ni kodi ya nyumba, kazi za Athi River na maji ya boza? Kwa sababu mtoro bado anabisha.

Sote tunaoishi Kajiado tunamjua. Ana miaka 12 au 13. Shule zikifungwa anasikia nyumbani kwamba kisu kimeandaliwa, au kwamba ng'ombe wa mahari wameshahesabiwa. Anatembea usiku kutoka ndani ndani huko mpaka kwenye barabara ya Namanga, na mwanga wa kwanza anaouona ni wa kanisa au wa nyumba ya mama mchungaji. Asubuhi yake wazee wanafika. Hawaji na marungu, wanakuja kwa heshima. Wanasema kwamba huyu ni mtoto wao, na mambo ya nyumbani yamalizwe nyumbani. Wakati mwingine baba mwenyewe ni mshirika, na zaka yake tunaijua.

Nimekaa katika vikao vya namna hiyo. Nimesikia ndugu waliookoka wakishauri mtoto arudishwe ili tusivunje amani na jamii, ati tuendelee tu kuomba. Ukisikiliza vizuri, hayo ndiyo maneno ya Mombasa ya 1888. Amani inatajwa, lakini anayeilipia ni mmoja tu, na hakuulizwa.

Wengine watanikumbusha Onesimo, kwamba Paulo alimrudisha. Hata wenye watumwa Marekani waliupenda waraka ule. Usomeni wote basi. Paulo alitaka apokelewe si kama mtumwa tena bali kama ndugu, na akajitolea kulipa deni lake. Hakumrudisha mtoto kwenye kisu. Na Torati katika Kumbukumbu 23 iko wazi: aliyekukimbilia kutoka kwa bwana wake usimkabidhi, mwache akae kwako mahali apendapo, wala usimwonee.

Sheria ya nchi safari hii iko upande wa mtoro. Jones hakuwa na bahati hiyo. Tangu 2011 ukeketaji ni kosa Kenya, na Sheria ya Watoto ya 2022 inamlinda mtoto dhidi ya ndoa. Kwa hiyo tusimfiche mtoto kimya kimya kama kwamba sisi ndio wezi. Tumpeleke kwa afisa wa watoto, tumjulishe chifu, tupige simu ya bure 116. Kisha turudi kwa wazazi, tena na tena, tukae nao chini ya mti, tunywe chai yao, tuwasomeshe mtoto wao kwa fedha zetu ikibidi. Rabai ilikataa kuwarudisha watu, na bado mapatano yalitafutwa. Haya mawili yanakwenda pamoja, na yote mawili yana gharama.

Wapendwa, William Jones hakuchagua kuzaliwa wakati wa mgawanyiko. Hakuna anayechagua. Lakini yeye, aliyewahi kuwa mali ya mtu, alikaa Rabai mahali ambapo watu waliotajwa kuwa mali walikuja wakibisha, na walipoingia walikuta mchungaji. Mungu aliye hai atujalie neema hiyo kabla ya likizo ya Agosti.

Maswali ya ushirika wa nyumbani
1. Kati ya dhambi tunazotofautiana juu yake katika jamii yetu, ni ipi ambayo tumeivumilia kwa sababu aliyeumia hajatufikia bado?
2. Mtoto akifika nyumbani kwako usiku wa leo, utampigia nani simu kwanza? Kubalianeni kama kikundi.
3. Fidia ya 1889 iliwaendea mabwana. Kanisa letu linaweza kumpa nini aliyeumizwa, si aliyeumiza tu?

Tuombe: kwa wasichana wa Kajiado wakati wa likizo, kwa wazazi wao, waguswe na Roho Mtakatifu, kwa walimu, machifu na akina mama wanaowapokea, na kwa kanisa la Rabai, lililotutangulia njiani. Amina.